Tumelala kwenye tenti Devil's Lake (Wisconsin) na familia. Mnaofikiria kwenda pitieni hapa kwanza

#1 Msukuma wa Magharibi

Wakuu habari za wikiendi.

Najua humu tuko wengi wa Chicago, Milwaukee, Madison na vitongoji vyake ambao kila kiangazi kikianza tunasema mwaka huu lazima tutoke, halafu kiangazi kinaishia kuchoma kuku nyuma ya nyumba ya mtu yuleyule. Mimi nimekuwa hivyo miaka tisa. Mwaka huu binti yangu wa miaka 11 shuleni waliulizwa nani ashawahi kulala porini, darasa zima wakanyoosha mikono kasoro yeye, akaja kuniuliza baba sisi kwani tunaendaga wapi. Sikuwa na jibu.

Basi nikaanza kutafuta, nikaangukia Devil's Lake. Hii ni hifadhi ya jimbo, sio ya taifa, iko pembeni ya kamji kanaitwa Baraboo, kutoka kwangu ni masaa matatu na ushee kwa gari. Tatizo la kwanza likawa jina. Waifu kaona kwenye ramani akaniangalia kwa muda, "yani unawapeleka wanangu Ziwa la Shetani?" Akampigia mama mkwe Mwanza kumwambia, mama mkwe akasema hatuzuii ila yeye anafunga siku zote mbili hizo. Ikabidi nisome. Kumbe wenyeji wa pale, Waindiani wa Ho-Chunk, walikuwa wanaliita kwa maana ya ziwa takatifu, ziwa la roho, wazungu walipokuja wakasikia roho wakaandika shetani. Nikamwambia waifu waliokosea ni wakalimani, tukaondoka.

Sasa nieleze pakoje maana picha hazitoshi. Ziwa limekaa katikati ya milima miwili ya mawe, mashariki na magharibi, kila upande unapanda kama mita 150 hivi wima wima, na mawe yenyewe sio ya kijivu kama yale ya kwetu Mwanza, Bismarck Rock, haya yana rangi kama ya zambarau iliyofifia, jua la jioni likipiga yanakuwa mekundu kabisa. Kuna ubao unaeleza kwamba huo mwamba zamani, zaidi ya miaka bilioni moja na nusu, ulikuwa mchanga chini ya bahari. Mi sikuelewa mpaka tulipofika juu dogo wangu wa miaka 7 akakaa chini kupumzika akasema baba hili jiwe lina mikunjo. Nikaweka kiganja. Kweli, ni matuta matuta madogo yale unayoyaona ufukweni maji yakikupwa, yameganda vilevile kwenye jiwe gumu kama chuma. Tulikaa pale labda dakika ishirini tunapapasa jiwe kama vipofu.

Na ziwa lenyewe halina mto wa kutokea. Ile barafu kubwa ya zamani ilisukuma vifusi ikaziba bonde huku na huku, maji yakabaki katikati kama kwenye sufuria.

Kupanda: tulipanda upande wa mashariki kwa njia inayopita Balanced Rock, ni jiwe refu limesimama kwenye ncha kama limewekwa na mtu mwenye visa. Njia ni fupi, ila ni ngazi za mawe mwanzo mwisho. Zimepangwa na vijana wa serikali enzi za mdororo wa uchumi, walikuwa na kambi yao pale 1935 hadi 1941, na nadhani hao vijana wote walikuwa na miguu mirefu maana kila ngazi inakufika gotini. Nusu ya njia nikakaa. Kazee ka kizungu kana fimbo mbili kakanipita, kakaniambia umekaribia. Kalikuwa kananidanganya.

Huko juu sasa... unaona ziwa lote, watu ufukweni kama punje za mchele, na wale ndege wakubwa weusi wala mizoga wanazunguka CHINI yako. Yani unamwona tai mgongoni. Sijawahi kumwona ndege mgongoni maisha yangu yote.

Naweka simu chaji, nakuja na habari za kulala, maana huko ndiko nilikoumbuka.

#2 Chuma Chakavu

Nimeweka kigoda. Endelea mkuu

#3 kipara_wa_Tandika

Samahani mleta mada, nataka nielewe tu. Umetoka bongo, umepanda ndege, umepata makaratasi, una nyumba yenye kitanda, halafu UNALIPA hela ili ukalale chini? Mimi hapa nalala chini bure na hakuna anayenipiga picha

#4 Mama Tausi

🤣🤣🤣 kipara umeniua

Ila swali la msingi, choo kikoje? Maana kaka zangu mkiandika habari za safari mnaeleza mawe na ndege, choo hamsemi.

#5 Msukuma wa Magharibi

Mama Tausi choo kipo, cha kuvuta maji, na mabafu ya maji moto yapo, ila kuna foleni asubuhi na unatembea kidogo kutoka kwenye tenti. Usiku wa manane hiyo "kidogo" inakuwa mbali sana. Nendeni na tochi ya kuvaa kichwani, sio ya simu, ya simu unaishikaje huku umembeba mtoto.

Haya, kulala. Kosa la kwanza: kuni. Mimi mtu wa kubana matumizi, nikajaza kuni kwenye buti kutoka nyumbani. Tumefika, dada wa getini kaniuliza umebeba kuni? Nikasema kwa kujidai ndio, nyingi. Kumbe Wisconsin huruhusiwi kuingiza kuni kwenye hifadhi zao kutoka mbali, ziwe zimekatwa ndani ya maili 10 au ziwe na muhuri kwamba zimekaushwa kitaalamu. Sababu ni kuna mdudu wa kijani anaua miti ya jamii ya ash huku, ameenea kwa watu kubeba kuni toka sehemu moja kwenda nyingine. Kuni zangu zikabaki huko, nikanunua zingine vifurushi vitatu, bei nisiseme, waifu anasoma humu.

Kosa la pili: tenti sikuwahi kuifungua nyumbani. Nimeifungua pale saa moja jioni, wingu limetanda, maelekezo yana picha tu hayana maneno, nguzo zinazidi au zinapungua sielewi. Jirani, jamaa mmoja na mkewe, walituangalia kwa adabu kama robo saa hivi halafu wakaja wakaisimamisha dakika nne. Hawakucheka. Hiyo iliniuma zaidi.

Kosa la tatu ndio kubwa. Tulikula ugali na kuku wa kuchoma, safi kabisa, tukaacha boksi la maandazi na mfuko wa sembe juu ya meza ya mbao nje tukaingia kulala. Saa nane nasikia karatasi inachanwa. Nikajua mwizi. Nimetoka na mwiko mkononi (ndio silaha iliyokuwa karibu), nawasha tochi, naona vijinyama vinne vinene vimevaa barakoa vimekaa juu ya meza vinakula maandazi, kimoja kimeshika andazi kwa mikono miwili kama binadamu kinanitazama. Rakuni. Nikasema shii. Kikaendelea kutafuna. Uso wote mweupe kwa sembe.

Chakula kinafungiwa kwenye gari. Chote. Hata dawa ya meno, aliniambia jirani asubuhi.

#6 Chuma Chakavu

Ulitoka na mwiko 😭😭 Msukuma na mwiko usiku wa manane anapambana na majambazi ya barakoa

#7 Njoro_wa_Minnesota

Niaje watu wangu wa TZ, Mkenya hapa, niko Minneapolis. Hii place naijua, nimeenda mara tatu. Ongezea hapo kwa paking, budaa. Ukifika Jumamosi saa tano asubuhi mwezi wa saba utazunguka na gari mpaka upate kizunguzungu, hii ndio hifadhi ya jimbo inapata watu wengi zaidi Wisconsin, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Mimi hufika saa moja na nusu asubuhi ama siendi. Siku ya wiki kama Jumanne ni tofauti kabisa, unasikia mpaka maji ikigonga mawe.

Pia gari ya pleti ya nje ya Wisconsin inalipa getini zaidi kuliko ya wenyeji, msishtuke. Na hiyo ni mbali na pesa ya kulala, zinalipwa separeti.

Kuhusu jina msiogope, sisi kwetu Kenya tuko na hifadhi inaitwa Hell's Gate, yaani lango la jehanamu, na watu wanaendesha baiskeli ndani na pundamilia. Hao wazungu wakiona mawe yamesimama tu, shetani.

Swali, muliogelea? Maji ni clear sana lakini baridi yake

#8 Msukuma wa Magharibi

Njoro asante, paking nilisahau, sisi tulifika Ijumaa.

Tuliogelea ndio. Mimi nimekulia kando ya Ziwa Victoria wakuu, na nakiri hapa kwamba sijui kuogelea vizuri, kwetu ziwa lilikuwa la kufulia, kuvua na kuogopa kichocho. Mama alikuwa anatuangalia miguu jioni tukirudi, ukionekana vidole vimekunjamana kwa maji unachapwa. Kwa hiyo kuingia ziwani kwa raha tu, na watoto wananishika mikono, mguu wangu wenyewe ulikuwa unakataa.

Ufukwe uko kaskazini na kusini, mchanga mzuri, unaingia taratibu. Maji meupe, unaona kucha zako maji yakiwa kifuani. Katikati kina ni kama mita 14. SASA SIKILIZENI HAPA: hakuna walinzi wa waogaji. Hakuna yule kijana wa filimbi aliyekaa kwenye kiti kirefu kama kwenye mabwawa ya mjini. Mtoto ni wako. Niliona familia moja, nadhani za huku kwetu, wamekaa mbali wanachoma mishikaki watoto wako maji ya shingo na maboya yale ya kujaza upepo ya katuni. Nikaenda kuwaambia, hawakupenda, sawa. Wanangu walivaa majaketi ya kuelea muda wote, makubwa, mabaya, ya rangi ya chungwa, binti analalamika anaonekana kama koni ya barabarani. Koni haizami.

Ila kitu kimoja. Kesho yake wote wawili wakatoka vipele vyekundu miguuni na tumboni, vinawasha balaa. Waifu akaniangalia. Mimi nikaona kichocho hichi hapa kimenifuata mpaka Marekani.

#9 nesi_mlezi

Msukuma umeogopa kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi 😂 ngoja nieleze maana ni fani yangu na hili ziwa linajulikana kwa hilo.

Hiyo ni muwasho wa waogaji. Unasababishwa na vimelea vya jamii moja na kichocho, ni binamu yake kabisa, mzunguko wao ni uleule, konokono halafu majini halafu mwenyeji. Tofauti ni kwamba hawa mwenyeji wao ni bata na ndege wa majini, sio binadamu. Wakimkuta mtu wanajipenyeza kwenye ngozi kwa makosa, wanafia hapohapo, na ngozi inawachukia ndio hivyo vipele. Haviingii kwenye damu, havifiki kwenye kibofu wala ini. Wiki moja vinaondoka vyenyewe, mpake losheni ya kuzuia muwasho, wasikune mpaka watoke vidonda.

Kupunguza: msikae kwenye maji ya kina kifupi muda mrefu maana ndiko konokono waliko, msiwape bata chakula, na mkitoka majini taulo HAPOHAPO, msiache maji yakaukie mwilini. Watoto ndio wanapata zaidi sababu wao ndio wanacheza pembeni.

Mimi kinachonitisha zaidi huko ni kupe. Sio kupe wa ng'ombe mnaowajua, huku kuna wadogo kama mbegu ya ufuta na wana ugonjwa wa Lyme. Suruali ndefu uichomeke kwenye soksi, jioni mkaguane, nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Ukimkuta amejishika mvute na kibanio taratibu kwa kunyoosha, usimchome na kiberiti kama bibi alivyofundisha. Likionekana doa jekundu linapanuka siku zinazofuata, hospitali.

#10 Mama Tausi

Nesi Mungu akubariki. Kwa hiyo mama mkwe wa Msukuma alifunga bure

#11 Msukuma wa Magharibi

Hakufunga bure, hakuna aliyeanguka mlimani 🙏 Na hapo niseme, mawe yale yakilowana ni sabuni. Asubuhi ya pili ilinyesha kidogo, binamu yangu aliyekuja kutuona siku hiyo alivaa yeboyebo, YEBOYEBO, kupanda njia ya magharibi, kateleza hatua kumi tu za mwanzo kakaa chini kwa kishindo. Bahati ilikuwa bado chini. Huko juu hakuna uzio, unatembea ukingoni kabisa na chini ni mawe matupu. Kama una mtoto mtundu wa kukimbia, kuna njia ya tambarare inapita kando ya maji upande wa magharibi katikati ya mawe yaliyoporomoka, inaitwa Tumbled Rocks, dogo wangu aliipenda kuliko ile ya juu.

#12 Baba Riziki

Jambo bandugu. Mimi nasomaka tu hapa siandikake. Niko Mukongomani wa Uvira, niko Milwaukee sasa.

Nauliza kitu. Batoto bangu nao banasema papa twende camping. Mukubwa alikuja na karatasi ya shule, nikaisoma, nikamuuliza muke wangu, hii neno si ni kambi? Sisi tulikaa Nyarugusu, kambi ya bakimbizi kule Kigoma, tangu 1997 mpaka 2015. Huyu mukubwa alizaliwa mule. Miaka 18 chini ya turubai, maji ya foleni, kuni ya kutafuta mbali na ukikutwa nje unapigwa, chakula ya kupimiwa. Sasa ananiambia wazungu banalipa pesa ya kuingia kambi. Na banaleta kuni yao na banakatazwa pia!! Hapo kwa kuni ya Msukuma nilicheka mpaka muke aliamka.

Lakini sikukataa mutoto. Nataka kujua tu, ukiwa ndani ya ile tenti usiku, mvua inanyesha, inakuwaka namna gani. Ile sauti.

#13 Chuma Chakavu

Dah

#14 kipara_wa_Tandika

Mzee Riziki mimi nilikuwa natania pale juu. Shikamoo.

#15 Msukuma wa Magharibi

Baba Riziki shikamoo. Nimesoma post yako mara tatu kabla ya kujibu.

Sauti ni ileile mzee, siwezi kukudanganya. Mvua kwenye turubai ni mvua kwenye turubai. Ilinyesha kama saa kumi alfajiri, na tenti ni ndogo kwa hiyo unaisikia kama iko kichwani. Ikikusumbua gari liko hatua tano, unaingia unawasha hita. Funguo unazo wewe. Au mnaweza kwenda asubuhi mkarudi jioni bila kulala kabisa, Milwaukee ni masaa mawili tu, watoto watapanda, wataogelea, watakula, inatosha.

Mkiamua kulala, nafasi zinabukiwa mtandaoni, zinafunguliwa miezi 11 kabla na za wikiendi zinaisha haraka sana. Mimi nilipata ya mtu aliyeghairi, nilikuwa naingia kila usiku kabla ya kulala kuangalia. Siku za katikati ya wiki ni rahisi zaidi. Eneo moja lina kikomo cha watu, kwa hiyo usije na ukoo wote. Tenti yangu naweza kukuazima, sasa najua kuisimamisha.

#16 Njoro_wa_Minnesota

Mzee wa Uvira ukienda nenda September. Mbu zimepungua, watu wamerudi shule. Ama October miti ikianza kubadilika rangi, lakini hiyo October wikiendi nayo ni vita ya paking tena.

#17 Mchonga Mada

Na sie tulio Dar mnatuacha wapi? Hapa naona wivu tu

#18 Mama Tausi

Mchonga Mada panda gari nenda Udzungwa, geti la Mang'ula, mkapande maporomoko ya Sanje. Maji yanaanguka kama mita 170, chini kuna bwawa mnaogelea, na sehemu za kuweka tenti zipo. Mnatembea na muongozaji lakini. Na nyani wapo, kwa hiyo maandazi vilevile yafungie 😂

#19 Baba Riziki

Bandugu, narudi. Ilikuwa juma iliyopita, Jumatano na Alhamisi. Tulilala.

Msukuma asante ya tenti, nitarudisha. Tulipanda ile ngazi, mukubwa alinibebea begi. Sikuingia mu maji, nilikaa pa mchanga na jaketi ya batoto. Kuni nilinunua pale, yule dada akaniuliza vifurushi ngapi, nikasema vinne, sikuwa na haja ya vinne. Nilitaka tu kusema vinne.

Usiku mvua haikunyesha. Nilikuwa nimeingoja. Mudogo alishindwa kulala, akaniuliza papa tunatoka hapa siku gani. Nikamwambia kesho, tukimaliza kula. Akalala.

Muke anasema tena tutafute nafasi ya mwezi wa sita. Ile mutandao mutu anabukia wapi? Mara hii mutoto ndiye alifanya, mimi sikuona.

#20 Msukuma wa Magharibi

Mzee nimekutumia inboksi. Ingia sasa hivi maana za Juni zimeshafunguliwa. Chagua Northern Lights, nilikuwa huko, mabafu yako karibu. Ukipata nambari ya eneo niambie nibuki la pembeni yako, waifu amekubali.

#21 Mama Tausi

Na mimi naja. Nani anabeba mwiko?